Watega Vitendawili wa Meza ya Karata

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yamkini walimfikiria muulizaji asiyejua. Hawakumtaja muulizaji wa aina ya pili, yule alijuaye jibu barabara, aliyelihakiki mara tatu katika kitabu cha sheria, na ambaye hata hivyo huketi usiku wa manane akilisuka swali upya, ili mtu mwingine asiyemjua, katika nchi ambayo pengine hatawahi kuikanyaga, akosee leo faraghani asije akakosea kesho hadharani. Watu wa namna hii wapo. Hawalipwi. Kazi yao ni kutunga maswali ya chemshabongo ya kuwafunza waamuzi wa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering.

Msomaji asiyeujua mchezo huu asifikirie karata za kawaida, zile za kopa na shupaza zinazopigwa mezani jioni. Magic ulibuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati aliyewahi kufundisha katika Chuo cha Whitman huko Marekani, na ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Kila mchezaji huja na fungu lake la karata alizozikusanya, kuzinunua au kuzibadilisha na wenzake, na kila karata ina maneno yanayoeleza inachofanya. Hapo ndipo penye utamu na penye taabu. Karata moja huweza kusema kwamba sheria fulani ya mchezo haifuatwi maadamu karata hiyo imo mezani. Nyingine hukanusha ile ya kwanza. Hivi leo kuna zaidi ya karata 25,000 tofauti, na kitabu cha sheria kilichoanza kama kijikaratasi cha kutia mfukoni kimefikia karibu kurasa 300, huku kikirekebishwa kila toleo kubwa jipya la karata linapotoka. Hakuna binadamu aliyekwisha kuona kila karata ikikutana na kila karata nyingine, wala hatatokea.

Kwa hivyo yuko mwamuzi. Katika ukumbi wa mashindano, wachezaji wawili wanapokwama mmoja wao huinua mkono na kumwita. Mwamuzi hufika, husikiliza, huzitazama karata zilizo mezani, kisha hutoa hukumu. Haruhusiwi kumshauri mchezaji acheze vipi, na hana fursa ya kwenda maktabani kwa muda mrefu, kwani saa ya raundi inayoyoma. Asiyeridhika aweza kukata rufani kwa mwamuzi mkuu, na neno la mwamuzi mkuu ndilo la mwisho. Hapana marudio ya mchezo wiki ijayo. Mtu aliyesafiri kwa basi usiku kucha huweza kurejea nyumbani kwa sababu ya sentensi moja iliyofahamika vibaya na kijana aliyevaa fulana ya waamuzi. Hukumu ya aina hiyo haiumi kwa sababu ya fedha pekee, bali kwa sababu aliyehukumiwa alikuwa amesema kweli.

Ni nani basi anayemwandaa kijana huyo? Kitabu cha sheria pekee hakitoshi. Mtu aweza kukisoma kuanzia jalada hadi jalada akatoka na alichotoka nacho yule aliyejifunza kuogelea kwa kusoma kitabu. Akili ya uamuzi hunolewa kwa visa, na visa havijiandiki. Huandikwa na waamuzi waliotangulia, baada ya saa za kazi zao nyingine.

Chukua kisa kimoja ambacho ni mashuhuri mno miongoni mwao hata kimekuwa kama sala ya kuingilia. Yupo kiumbe aitwaye Tarmogoyf, aliyechapishwa mwaka 2007. Nguvu yake ni sawa na idadi ya aina za karata zilizomo katika makaburi ya wachezaji wote, yaani mahali zinapowekwa karata zilizokwisha kutumika au kuuawa. Na ukakamavu wake ni idadi hiyo na moja zaidi. Tuseme makaburini mna ardhi na kiumbe. Hizo ni aina mbili, kwa hivyo Tarmogoyf ana nguvu 2 na ukakamavu 3. Mpinzani anampiga kwa Lightning Bolt, radi iletayo madhara 3. Je, anakufa?

Mchezaji wa kawaida hujibu upesi kwamba anakufa, maana tatu kwa tatu. Jibu sahihi ni kwamba anaishi. Radi yenyewe ni karata ya aina nyingine, na inapomaliza kufanya kazi yake huingia kaburini kabla ya mchezo kutulia na kukagua ni nani aliyejeruhiwa kiasi cha kufa. Ukaguzi unapofika, makaburini mna aina tatu, ukakamavu wa Tarmogoyf umepanda hadi 4, na madhara 3 hayamtoshi. Silaha iliyomjeruhi ndiyo iliyomwokoa.

Sasa tazama ufundi uliomo katika kulitunga swali hilo. Iwapo mtunzi atasahau kutaja kilichomo makaburini, swali halina jibu. Iwapo makaburini tayari mna karata ya aina ileile ya Lightning Bolt, hakuna aina mpya itakayoongezeka, na Tarmogoyf mwenye ukakamavu 3 hufa kifo cha kawaida. Badiliko la neno moja hugeuza uhai kuwa mauti. Mtunzi mzuri hulijua hilo, na mara nyingi huandika maswali mawili pacha yanayofanana kama shilingi kwa ya pili, moja la kuishi na moja la kufa, ili mwanafunzi aliyekariri jibu bila kuielewa sababu anaswe na la pili. Huo si ukatili. Ukatili ni kumwacha mwanafunzi huyo akaingia ukumbini akiamini kwamba Tarmogoyf haui kwa radi, nukta.

Utamaduni wa Waswahili unamjua mtu anayefanana na mtunzi huyu. Ni mtega vitendawili. Naye pia hulijua jibu kabla ya kuuliza, naye hulificha jibu palepale machoni pa msikilizaji. Hata hivyo, mtega kitendawili hulipwa: hadhira ikishindwa humpa mji, naye huuchukua kwa mbwembwe kabla ya kufumbua. Mtunzi wa maswali ya waamuzi hapewi mji. Mwanafunzi akishindwa, yeye ndiye hutozwa kodi, maana humpasa kuandika maelezo: kwa nini jibu hili, si lile, ni sheria namba ngapi, ni wapi hasa fikra ya aliyekosea ilipoteleza. Wenye tajriba hukiri kwamba swali lenyewe huandikwa kwa dakika kumi na maelezo yake kwa saa nzima. Na wapo watunzi, lazima isemwe, wanaopenda zaidi kutega kuliko kufumbua. Maswali yao huzungumzwa sana na kufundisha kidogo.

Hapa Kenya, kizazi kizima kilichofanya mtihani wa KCPE kati ya mwaka 1985 na 2023 kinazijua vyema herufi A, B, C na D. Kinajua pia siri ambayo watahini hawapendi kuitaja: jibu sahihi halitungwi kwa shida, shida ni kutunga yale matatu ya uongo. Jibu la uongo lisilomshawishi yeyote ni kama mwizi aliyevaa kengele. Kwa hivyo mtunzi wa maswali ya waamuzi hulazimika kufikiri kwa akili ya mtu anayekosea, tena anayekosea kwa sababu nzuri. Huanza kwa kujiuliza ni imani gani potofu iliyomo vichwani mwa wachezaji werevu, kisha huipa imani hiyo herufi yake na kuiacha isimame kwa heshima miongoni mwa majibu mengine. Ni zoezi la unyenyekevu lisilo la kawaida: kumwelewa aliyekosea vizuri kiasi cha kuweza kuandika kosa lake kwa ufasaha kuliko yeye mwenyewe.

Kwa desturi ya waamuzi, wahusika katika maswali haya hupewa majina yanayoanza kwa herufi mbili maalumu. Jina la mchezaji ambaye ni zamu yake huanza kwa A, na la mwenzake huanza kwa N. Chimbuko ni maneno ya Kiingereza, lakini herufi zenyewe hazina ubaguzi, na Asha na Njeri wangeingia humo bila kupiga hodi. Faida yake ni kwamba msomaji hahitaji kuambiwa tena na tena ni zamu ya nani. Asha anarusha radi, Njeri anajibu kwa kumkuza kiumbe wake, na papo hapo mwamuzi mwanafunzi ameanza kupanga rundo kichwani.

Rundo hilo nalo lahitaji kufafanuliwa. Tangu mwaka 1999, vitendo katika mchezo huu hupangwa kama sahani zilizosafishwa: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Asha akimrushia dubu wa Njeri mwenye nguvu 2 na ukakamavu 2 ile radi ya madhara 3, Njeri akajibu kwa Giant Growth inayoongeza 3 kwa 3 hadi mwisho wa zamu, ukuzaji hutangulia, dubu anakuwa 5 kwa 5, radi inampiga na anasalimika. Mwanafunzi hodari huuliza: je, zamu ikiisha na ukuzaji ukaondoka, si dubu atabaki na ukakamavu 2 na majeraha 3? La. Majeraha na ukuzaji huondoka kwa pamoja, kwa nukta ileile ya wakati. Lakini vitendo vikipinduliwa, Njeri akaanza kumkuza dubu wake na Asha akajibu kwa radi, dubu hufa akiwa bado mdogo na ukuzaji hukosa wa kumkuza. Karata ni zilezile mbili, kiumbe ni yuleyule, na tofauti ni nani aliyetangulia kusema.

Jambo linalopaswa kuwavutia wapenzi wa lugha, hata wasiojali karata kabisa, ni uzito wa neno katika kazi hii. Magic umechapishwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kijapani, Kijerumani na Kifaransa, lakini haujachapishwa kwa Kiswahili. Na katika lugha zote hizo, kunapozuka ugomvi, maneno rasmi ya karata ni yale ya Kiingereza yanayohifadhiwa na kampuni katika kumbukumbu zake. Humo, maneno ya kila siku yamegeuzwa kuwa istilahi. Kuteketeza kiumbe si sawa na kumtoa kafara. Kulenga ni tendo mahususi: karata isiyotumia neno hilo, au uwezo ambao ufafanuzi wake hauna neno hilo, haimlengi mtu hata kama imemuua. Kiumbe aliyekingwa asilengwe na mpinzani hufa vizuri tu mbele ya Wrath of God, kwa kuwa karata hiyo hailengi yeyote, huteketeza wote. Na kiumbe asiyeteketezeka huweza kutoweka kwa Diabolic Edict, ambayo humlenga mchezaji na kumlazimisha atoe kafara.

Anayeifahamu sarufi ya Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha hii ingeimudu kazi hiyo bila kutoka jasho. Kauli ya kutendeka ipo tayari: kisichoteketezeka chaweza kutolewa kafara, na sentensi hiyo peke yake ni nusu ya somo. Tofauti ya kila kiumbe na kiumbe yeyote, ya akipenda na sharti, ya anapokufa na akishakufa, ni tofauti ambazo mzungumzaji wa Kiswahili huzifanya bila kufikiri, na ambazo mtunzi wa maswali hukesha nazo. Ajabu ni kwamba wataalamu hutumia miaka wakijadili istilahi za kompyuta na sayansi, ilhali michezo, ambayo vijana huijadili kwa ari kuliko somo lolote, huachwa ijisemee kwa maneno ya kuazima.

Yapo pia maswali yasiyo na faida yoyote ya kiutendaji ambayo hata hivyo hayafi. La fahari miongoni mwayo lahusu karata mbili, Humility ya mwaka 1997 na Opalescence ya mwaka 1999. Humility husema kwamba viumbe wote wapoteze uwezo wao na wawe 1 kwa 1. Opalescence huzigeuza karata nyingine za jamii ya Humility kuwa viumbe vyenye nguvu na ukakamavu sawa na gharama zake. Zikiwa mezani pamoja, Humility yenyewe inakuwa kiumbe, kwa hivyo inajipokonya uwezo wake, na uwezo huo ndio uliompokonya. Nyoka amemeza mkia wake! Sheria hulitatua jambo hili kwa kuyapanga matokeo katika tabaka saba, na kwa kanuni kwamba tokeo lililokwisha kuanza kutenda katika tabaka moja huendelea katika matabaka yanayofuata hata kama chanzo chake kimenyamazishwa. Mwishowe, iliyoingia mezani baadaye ndiyo huamua kimo: ikiwa ni Humility, huwa 1 kwa 1, ikiwa ni Opalescence, Humility husimama na 4 kwa 4. Mwamuzi wengi hustaafu bila kuitwa mezani kwa jambo hili. Hujifunza hata hivyo, kama mwanafunzi wa sheria anavyojifunza kesi ya kale ambayo haitatokea tena katika mahakama yoyote.

Taabu kubwa kuliko zote ni kwamba maswali huoza. Kati ya mwaka 1999 na 2009, madhara ya vita yalikuwa yakiwekwa katika rundo kama kitendo kingine chochote, hata mchezaji mjanja aliweza kumwacha Mogg Fanatic wake amjeruhi adui kwa pigo 1, na kabla pigo halijatua akamtoa kafara ili alete pigo jingine 1. Adui mwenye ukakamavu 2 alikufa kwa mkono wa kiumbe mdogo aliyekwisha kuondoka. Lilikuwa swali la kufundishia lisilo na kifani. Mwezi Julai mwaka 2009 sheria ikabadilika, na jibu lililokuwa sahihi mwezi Juni likawa la uongo. Baada ya mabadiliko hayo ukawekwa utaratibu wa kupanga foleni ya viumbe wanaozuia ili mshambuliaji agawe madhara kwa mpangilio. Nao ukafutwa mwezi Novemba mwaka 2024. Mwaka 2018, uganga uliopoteza walengwa wake wote uliacha kuhesabiwa kuwa umebatilishwa na sheria, ukawa tu hautekelezeki, na kila maelezo yaliyotumia neno la zamani yalihitaji mkono wa mtu.

Swali bovu ni hatari kuliko kutokuwepo kwa swali. Asiyejua hutafuta, aliyefunzwa vibaya hutoa hukumu kwa sauti ya uhakika, katika ukumbi mmoja baada ya mwingine, na kila anayemsikia humwamini kwa sababu amevaa fulana. Ndiyo maana swali lililoandikwa na mmoja hukaguliwa na mwingine kabla ya kutolewa, na ndiyo maana wakaguzi hugombana kwa siku kadhaa juu ya neno kama wakati au kisha. Baadhi yao wamebuni mbinu ya kuandika swali lenye nafasi wazi: badala ya kutaja kiumbe mmoja, huwekwa masharti, na kompyuta huchagua karata yoyote inayoyatimiza, ili mwanafunzi asikariri majina. Mbinu ni nzuri, lakini miongoni mwa maelfu ya karata daima imo moja yenye mstari wa tatu ambao hakuna aliyeukumbuka, na mstari huo hulibomoa jibu zima. Atakayeugundua ni mwanafunzi, naye huandika kulalamika. Mtunzi humshukuru, huku akiuma meno.

Na hayo yote kwa malipo gani? Tangu mwaka 1998 kampuni iliwatunukia waamuzi karata za kumetameta zisizouzwa madukani, na karata hizo zilikuwa na thamani. Lakini zilikuwa shukrani ya kuhudumu, hazikuwa mshahara wa kutunga maswali. Kisha mwaka 2019 kampuni ikajitoa katika kuendesha mpango wa waamuzi. Shughuli hiyo ikashikwa na kampuni binafsi iliyoitwa Judge Academy, iliyowatoza waamuzi ada ya mwaka, nayo ikatangaza mwaka 2023 kwamba ingefunga, ikafunga mwaka 2024. Vyama vya waamuzi wenyewe, kikiwemo Judge Foundry cha Amerika Kaskazini, vikaanza kujenga upya. Katika muda wa miaka mitano vyeti vilibadili mwenye kuvitoa, viwango vikapangwa tena, tovuti zikazimwa. Anayedhani kwamba maarifa hukaa katika taasisi na ayatazame hayo. Sheria ya matabaka saba haikupotea hata siku moja, kwa kuwa ilikuwa imehifadhiwa vichwani mwa watu waliozoea kuuliza, na katika maswali ambayo hakuna aliyewaamuru kuyaandika.

Wapo waliochoka, nao hawalaumiki. Mtu aliyeandika maswali mia kwa moyo mkunjufu huweza kujiuliza, si bila haki, kwa nini faida ya mchezo iwe ya kampuni na kazi ya kuulinda mchezo iwe ya hisani. Wengine huondoka kimyakimya na kuacha maswali yao bila mlezi. Toleo jipya linapotangazwa, karata mpya mia mbili na ushei huanza kuonyeshwa, na miongoni mwazo huwa na moja inayofanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Kabla haijafika madukani, mtu fulani amekwisha kuisoma mara nne, amefungua faili ya maswali ya zamani, na anayapitia moja baada ya jingine akitafuta ni yapi ambayo majibu yake yatakuwa uongo kuanzia Ijumaa. Anapolipata la kwanza huandika jina linaloanza kwa A, halafu jina linaloanza kwa N, kisha hufuta sentensi ya pili na kuianza upya.